A kumi na moja

Mwaka 1987, pale Ngamiani, Tanga, nilinunua karanga kwa kijana wa sinia, naye akanifungia kwa karatasi aliyoichomoa kwenye rundo la makaratasi chakavu. Nilikuwa na miaka 12. Karanga ziliisha kabla sijafika nyumbani. Karatasi ikabaki mkononi, nikaikunjua niilambe chumvi, na ndipo nikaiona: kipeperushi cha usalama barabarani, cha zamani hata kwa siku zile, chenye maneno manne meusi yaliyojaa upana wote wa karatasi. HARAKA HARAKA HAINA BARAKA.

Methali niliijua. Kilichonisimamisha njiani ni herufi A. Sita za mwanzo zilikuwa nene, zimesimama kama meza ya fundi. Kwenye HAINA zikaja nyembamba, zimezidi jirani zao kwa kimo. Kwenye BARAKA ya kwanza ilikuwa nyembamba vilevile, lakini mbili za mwisho hazikuwa A kabisa. Zilikuwa V zilizopinduliwa, bila ule mstari wa katikati.

Nyumbani niliilaza katikati ya vitambaa viwili, nikaipiga pasi ya mkaa, kisha nikaificha ndani ya atlasi ya shule. Mama akataka kujua karatasi ya karanga ina nini cha kupigiwa pasi. Nikamwambia, "Mama, tazama hizi A." Akatazama kwa muda, akasema, "Aliyeandika alichoka." Jibu hilo lilinikaa kichwani zaidi ya miaka 20. Kila nikilikumbuka nilikuwa nakataa moyoni. Mtu aliyechoka hahangaiki kupindua V.

Leo nina masanduku manne na kabati moja. Ndani yake mna kadi za harusi na za michango, ratiba za Ramadhani, risiti za maduka yaliyokwisha fungwa, stempu, kalenda, vijuzuu, stika za daladala, vibandiko vya chupa na picha za majina ya kanga zaidi ya ninavyoweza kuhesabu kwa jioni moja. Wenzangu wanaokusanya vitu vya zamani hutafuta kisicho na doa. Mimi natafuta herufi iliyobanwa: iliyokosa nafasi, iliyokosa mwenzake, iliyoagizwa kuandika sauti ambayo haikuumbiwa. Hapo ndipo mkono wa mtu unapojitokeza, hata ndani ya chapa. Maana herufi ikipata nafasi yote inayoitaka, inaandikwa vile ilivyoandikwa jana. Ikibanwa, mtu lazima abuni.

*

Mkono wa kwanza niliojifunza kuutazama ni wa barua za bibi yangu mzaa mama, wa Pangani. Alikuwa na bati la biskuti lililojaa barua alizoletewa na kaka yake, aliyefanya kazi bandarini Mombasa. Zote zilikuwa za Kiswahili, zote kwa khati, yaani herufi za Kiarabu. Bibi alizisoma mwenyewe na kuzijibu mwenyewe. Lakini siku ofisi moja ilipomwandikisha, karani alimuuliza kama anajua kusoma na kuandika. Bibi akajibu, "Najua, mwanangu. Khati." Karani akatia alama penye hapana, akamsogezea pedi ya wino, akamshika kidole gumba. Yule kijana hakumkosea adabu. Fomu yake ilikuwa na vijumba viwili tu. Hata hivyo nimeikumbuka siku ile kila ninaposikia watu wakisema wazee wetu wa kike wa pwani hawakujua kusoma. Wengi walijua. Walijua kwa herufi ambazo hazikuhesabiwa.

Na herufi zile zilikuwa kazini kwelikweli. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, fatha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Mwandishi wa zamani wa pwani aliandika p kwa ba, v kwa fa, ch kwa shini, g kwa ghaini. E aliitia kasra kama i, na o akaitia dhumma kama u. Mimu ya mb na nuni ya nd mara nyingi aliziacha, msomaji atazijazia mwenyewe. Neno pepo, ukimpa mtu asomaye herufi bila kuijua lugha, atalitamka bibu.

Watu hulitaja jambo hili kama kasoro. Mimi nililiona likifanya kazi mbele ya macho yangu. Bibi akifungua barua alikuwa anaisoma kwanza kwa mnong'ono, analijaribu neno mdomoni, analigeuza, kisha uso unafunguka na sauti inatoka. Barua ilikuwa inasubiri mtu anayeijua. Tenzi nazo ziliandikwa hivyohivyo, na nakala ya Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale, ya 1728 ni shahidi kwamba njia hiyo ilibeba kazi nzito kwa karne nyingi.

Halafu wapo waliotaka herufi iseme yenyewe. Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alikuwa akinakili mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na suala la namna ya kuonyesha kila sauti likawa suala la kila siku. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti lake Sahifa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waandishi wa namna hiyo waliazima kwa Waajemi na Wahindi ba yenye nukta tatu kwa p na jimu yenye nukta tatu kwa ch, na fa nayo wakaitia nukta tatu kwa v. Nukta mbili za ziada, na p ya pepo inarudi kuwa p.

Katika barua moja ya mjomba wa mama yangu naona vita hivyo kwenye ukurasa mmoja. Mstari wa nne ameandika "pesa" kwa nukta tatu, amezikoleza wino kama mtu anayejivunia kitu kipya. Mstari wa tisa "pesa" ile ile ina nukta moja. Mkono umesahau, umerudi ulikozoea. Barua hii siiuzi kwa bei yoyote.

Aliyeufikisha mkono wa khati ya Kiswahili mahali pa juu kabisa, kwa ninavyoona mimi, ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeishi tangu mnamo 1855 hadi 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa khati, na aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Miswada mingi aliyoandika iko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na mingine inaweza kutazamwa kwenye intaneti. Usiku nikikosa usingizi naikuza kwenye simu mpaka herufi moja inajaza kioo. Unaona kalamu ilipowekwa, ilipogeuzwa, wino ulipopungua. Ukijua kwamba mkono huohuo ulishika patasi, unaanza kuielewa ile mikunjo ya herufi zake: anaandika kama anayechonga, anaacha nafasi nyeupe kwa makusudi kama tundu la nakshi.

Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ile ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano, naipenda zaidi ya chochote ninachomiliki, na siikusanyi. Niliwahi kuonyeshwa ukurasa mmoja uliochanwa, mtu anauuza peke yake. Nilimrudishia. Ukurasa wa msahafu una kitabu chake, na kitabu kina watu wake. Mkusanyaji anayelipa kwa ukurasa mmoja amemlipa mchanaji.

*

Ninachokusanya cha Kiarabu ni cha chapa, na chapa ninayoipenda ni ya mawe. Mjerumani Alois Senefelder aliigundua mwaka 1796. Unaandika juu ya jiwe laini la chokaa kwa wino wenye mafuta, unalilowesha jiwe maji, kisha unapitisha wino wa kuchapia. Wino unashika penye mafuta na kukataa penye maji. Unaweka karatasi, unabana, unainua. Kilichotoka ni mwandiko wa mtu.

Kwa herufi za Kiarabu hii ilikuwa neema. Herufi moja inabadilika umbo ikiwa mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni au peke yake, kwa hiyo mwenye mtambo wa herufi za risasi alihitaji mamia ya vipande, na bado neno likatoka limeungwaungwa kama uzio. Jiwe halikutaka vipande, lilitaka mwandishi mwenye khati nzuri tu. Uhindi ikalikumbatia, na Bombay ikawa ndiyo karakana ya Bahari ya Hindi nzima. Vijuzuu na vitabu vya maulidi vilivuka kutoka huko hadi Mombasa, Unguja na Tanga. Unguja yenyewe ilikuwa na mtambo wa Sayyid Barghash, uliochapa vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi kuanzia mnamo 1880, lakini kijuzuu kilichowekwa mapajani mwa mtoto chuoni kwa kawaida kilitoka ng'ambo.

Nina Barzanji moja, kitabu cha maulidi, ya chapa ya mawe ambayo jalada lake limeliwa na mende. Ukurasa wa 14 mwandishi aliruka neno. Kwenye karatasi angeandika upya. Kwenye jiwe, ukurasa mzima ulikuwa umekwisha jaa. Akalisimamisha lile neno wima pambizoni, kama mtu aliyechelewa sala na kupata nafasi ukutani, akaweka alama mahali lilipopaswa kuwa, na juu yake akaandika sadi na ha ndogo: sahihi. Kosa na masahihisho vikachapwa pamoja mara mia kadhaa, vikapanda meli, vikafika mpaka kwangu. Pembeni ya neno hilo kuna alama ya kidole chenye mafuta, pengine ya nazi. Kuna mtu alikuwa akiligusa kila mwaka msomo ukifika pale.

*

Sasa kanga, na hapa naomba subira, kwa sababu kanga ndiyo darasa langu kuu.

Kila mtu anaijua: upana kama sentimita 150 kwa 110, pindo linalozunguka, mji katikati, na jina ndani ya kijumba kirefu karibu na pindo la chini. Jina liliingia kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa Kilatini. Kanga yenye jina la khati nimewahi kuishika moja tu, kwa dakika tano, Unguja, nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa ameikunja pamoja na sanda yake. Hakuniruhusu kuipiga picha, na sikuomba mara ya pili.

Wasomaji wa kanga husoma maneno. Mimi ninasoma kijumba. Kijumba hakirefuki, jina ndilo linalobadilika. WEMA HAUOZI ni herufi 10. MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA ni herufi 34. Majina yote mawili yanapewa nafasi ileile, na mchoraji lazima alijaze moja na kulibana jingine, tena kwa namna ambayo mwanamke aliye hatua kumi nyuma ataweza kulisoma kiunoni mwa mwenzake anayetembea.

Kanga yangu ya WEMA HAUOZI ina herufi zilizotandazwa kama mikeka. W imechukua nafasi ya mtu mzima aliyelala. Mchoraji ameongeza ua kila upande na bado akaona pengo, basi akairefusha Z hadi mkia wake umepita chini ya I ya mwisho na kugusa ukuta. Ile ya kikohozi ni kinyume kabisa. H na A zinachangia mguu mmoja. O zote zimefanywa ndogo na kuinuliwa, zimekaa begani mwa herufi za jirani. Nafasi kati ya maneno hakuna; badala yake kuna nukta, kama maandishi ya Warumi juu ya mawe. Hakuna chuo kilichomfundisha mtu huyu. Alikuwa na kijumba, methali na muda wa kumaliza kazi, akabuni mbinu ambazo wachoraji wa herufi wa Ulaya huziwekea majina na kuzifanyia maonyesho.

Kwenye ukingo wa kitambaa kuna maandishi mengine ambayo watu huyakata fundi akipinda. Usiyatupe. Alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya wale wa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa walioanza biashara 1887, nimeiona kwa aina nyingi za herufi kiasi kwamba sasa naitumia kukisia kanga ni ya enzi gani. Wakati mwingine ukingo umenipa habari nyingi kuliko mji.

Kukusanya kanga kuna adabu yake. Miaka sita iliyopita, matangani, alikaa mbele yangu mama mmoja aliyejifunga kanga ambayo K zake zilikuwa na mkono wa juu uliopinda kama jani la mgomba. Sikuweza kuondoa macho. Akageuka, akaniuliza polepole, "Shoga, mbona unanitazama? Jina limekugusa?" Swali la haki kabisa, kanga hutumwa kusema, na anayeikodolea macho anakubali kwamba ameambiwa. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari za K. Alinisikiliza hadi mwisho. Baada ya arubaini alinitumia kipande cha jina, amekikata kwa mkasi na kukipinda kingo kwa uzi wa rangi ileile. Alibaki na kanga isiyo na jina kwa sababu yangu. Nimekihifadhi pamoja na salamu zake.

Na bado kazi hii inaendelea. Mwaka 2008 ilitoka ile ya HONGERA BARACK OBAMA, chini yake UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Niliitazama nikaona mchoraji amepambana na tatizo lilelile la babu zake. Jina la kigeni lilihitaji kukaa sawa na la kwetu, na amelikalisha.

*

Stempu ninazo chache. Nilizonazo ni zile ambazo neno lilikuja baadaye, likakanyaga lililokuwepo.

Mwaka 1895, Unguja ilipoanzisha posta yake, haikuwa na stempu. Zikachukuliwa za Uhindi, zenye uso wa Malkia Victoria, zikapigwa chapa juu yake neno Zanzibar. Baadhi zikatoka Zanzidar. Wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa kosa hilo, na mimi sina fedha hizo, lakini naielewa ile d kuliko wanavyoielewa wengi wao. Herufi ya risasi inasimama kinyume. Anayepanga herufi anaiona b ikiwa d na d ikiwa b, siku nzima, kwa taa ya mafuta. Ajabu kwangu ni kwamba hakukosea mara nyingi zaidi.

Zangu ni za 1964. Stempu zilizokuwa zikitumika Unguja zilikuwa na sura ya Sultani Abdullah bin Khalifa, toleo la 1961. Mapinduzi yakafanyika tarehe 12 Januari 1964, na posta ilipaswa kuendelea kupeleka barua. Hapakuwa na muda wa kuchora chochote. Wakapiga muhuri wa mkono juu ya zilezile: JAMHURI 1964. Baadaye zikaja zilizochapwa kiwandani, nadhifu, mstari umenyooka. Sizitaki. Nataka zile za mkono, ambazo muhuri umeinama, wino umejaa upande mmoja na kufifia mwingine, J imemezwa na tundu za pembeni. Ninayo moja ambayo mkono ulipiga, ukaona haikukolea, ukapiga tena. Maneno yamekuwa mawili, moja kivuli cha jingine. Serikali nzima ilikuwa inabadilika, na hapo kwenye kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha wa gumba yupo mtu mmoja mwenye muhuri na bakuli la wino na rundo lisiloisha.

Noti za Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki nazo ninazo mbili, kwa ajili ya kuona Kiingereza, herufi za Kiarabu na Kigujarati zikigawana karatasi moja. Zilipochakaa ndipo zilipopendeza.

Kadi za harusi zingetosha makala yake. Nitaje tu zile za wakati wa herufi za kubandika, zile unazozihamisha kutoka karatasi ya plastiki kwa kusugua na kijiko au nyuma ya kalamu. Karatasi ile iliishiwa herufi haraka, na bwana na bibi harusi hawakuchagua majina yao kwa kuangalia kilichobaki. Nina kadi ya 1991 ambayo jina la bibi harusi lina S iliyotengenezwa kwa vipande viwili vya namba 8 iliyokatwa kwa wembe. Ukiitazama haraka huoni kitu. Ukiishika karibu na dirisha unaona mishono.

Nilipoteza kadi moja kwa mikono yangu. Ilikuwa ya 1966, ya mwaliko wa maulidi, dhahabu juu ya kijani, nikaogopa unyevu wa pwani utaimaliza. Nikaipeleka duka moja la vifaa vya ofisi waitie plastiki ya moto. Ile dhahabu ilikuwa imeshikwa na gundi isiyopatana na joto. Ilipotoka kwenye mashine herufi zilikuwa zimechuruzika kama nta, na kijani kimepanda juu. Nililia njiani. Tangu siku hiyo hakuna plastiki ya moto wala selotepu inayogusa chochote cha kwangu. Karatasi zinakaa katikati ya karatasi, ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku lililoinuliwa sakafuni, na majani makavu ya mwarobaini pembeni. Kila mvua za masika zikiisha nazitoa zote, nazipunga hewa kivulini, nakagua moja moja.

*

Mwaka 2011 mwalimu mwenzangu aliniambia jirani yake wa Chumbageni alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha chapa, tangu ujana hadi mitambo ilipouzwa kama vyuma chakavu. Nikaenda na bahasha moja tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikakitoa kipeperushi. Kwenye mikunjo kilikuwa kimeanza kukatika, na doa la mafuta ya karanga limekuwa la kahawia. Alikishika kwa ncha za vidole, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Nikamwambia alichosema mama: aliyeandika alichoka.

"Huyu hakuchoka," akasema. "Huyu aliishiwa."

Akanieleza. Herufi kubwa za matangazo zilikuwa za mbao, zinakuja kwa seti kutoka ng'ambo, na seti imehesabiwa kwa Kiingereza. E nyingi. A za kiasi. K mbili au tatu, maana Mwingereza K anaigusa kwa nadra. Herufi ndogo za risasi waliweza kuziagizia nyongeza, A zikajazwa na K zikajazwa, gazeti likatoka bila taabu. Za mbao zilikuwa ghali na tajiri hakusikia. Basi likija tangazo la Kiswahili unahesabu kwanza, kabla hujapanga chochote. M ukiipindua ni W. Sifuri ni O. Ukikosa A unaingia kwenye seti nyingine yenye kimo cha karibu, na huko zikiisha unachukua V.

"Hesabu hapo," akaniambia.

Tukahesabu pamoja, yeye kwa kidole, mimi kwa midomo. HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Herufi 23. A zilikuwa 11. E hakuna hata moja.

"Unaona? Seti yake ilikuwa na A sita," akasema. "Akamaliza zote kwa haraka mbili. Ile nyembamba alikuwa nazo tatu. Hizi mbili za mwisho akapindua V. Na mstari wa katikati asingeweza kuuweka, angeharibu V ya watu." Akanyamaza, bado amekishika. "Kazi nzuri. Angalia alivyozipanga: zinazofanana pamoja, mbovu mwishoni, ambako jicho limekwisha lijua neno. Angezichanganya ungeshindwa kusoma."

Nilimwuliza kama ni yeye. Akasema hapana, na hamjui, huenda hata si Tanga palipochapwa. Kisha akainuka, akaingia ndani, akakaa muda. Aliporudi alikuwa na kipande cha mbao mkononi, cheusi kwa wino wa miaka, kimelainika pembe zote. K. Ilikuwa imetazama kushoto, kama inavyotakiwa. Siku walipokuja kubeba mitambo aliitia mfukoni, maana ndiyo iliyokuwa ikimsumbua zaidi kuipata.

"Chukua. Mimi wajukuu wanaifanya gari."

Usiku ule niliipaka wino wa muhuri nikaigandamiza kwenye karatasi nyeupe, nikailinganisha na K tatu za kipeperushi changu, moja baada ya nyingine, kwa kioo cha kukuzia. Hazifanani. Ya Mzee ina mguu mrefu zaidi, na mkono wake wa juu una pengo dogo, mbao ilipomegeka. Nimeiweka peke yake katika bahasha, juu yake nikaandika kwa penseli: K, mbao, Tanga, haijulikani ilichapa maneno gani.